Waonjaji wa Shangazi

Mtaa mzima wa ufukweni ulimwita Shangazi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mtoto wa kaka yake. Jina alilipata kwa binti wa kaka yake wa kweli, ambaye walifungua naye mgahawa wakati binti mwenyewe ndiyo kwanza amemaliza shule. Binti alikuwa akihudumia meza na kuita kwa sauti kuelekea jikoni: "Shangazi, mayai ya kukaanga! Shangazi, supu meza ya dirishani!" Wateja wakalidaka. Baadaye binti akaolewa, akahamia ng'ambo na mumewe, akawa mtu wa kupiga simu Jumapili. Jina likabaki. Hivyo mwanamke yule aliitwa shangazi tangu alfajiri hadi alasiri, na mgahawa ukishafungwa hupanda ngazi kwenda chumbani kwake juu, ambako hapakuwa na mtu wa kumwita chochote.

Mgahawa wenyewe ulikuwa mwisho wa barabara, pale lami inapoishia na mchanga unapoanza. Meza zilikuwa chache, za mbao, na sakafu haikumaliza siku bila mchanga hata ukifagia namna gani. Upande wa bahari ulikuwa madirisha matupu, makubwa, kiasi kwamba mtu akinywa chai yake anaona mawimbi kama yanakuja mezani. Walipika chai ya asubuhi na chakula cha mchana, basi. Kila kitu kilitoka mikononi mwa Shangazi: mkate alioukanda kabla ya jua, jemu ya machungwa aliyoichemsha mwenyewe, keki ya ndimu, na supu ya samaki walioshushwa asubuhi ile ile. Supu ndiyo iliyowaleta watu. Kulikuwa na wengine wanatoka upande wa pili wa mji, wanapita migahawa mingine kibao, wanakuja kukaa foleni kwa ajili ya bakuli moja.

Binti alipoondoka, meza zikashikwa na mhudumu waliyemwita Mrefu, mtu mzima, mwenye mke na watoto, anayelazimika kuinamisha kichwa kila apitapo mlango wa jikoni. Mrefu alikuwa mpole kupita kiasi. Hata nzi alimfukuza kwa kumbembeleza.

Msimu wa mvua Shangazi akapatwa na mafua, yale ya kumlaza mtu chali. Mrefu akafunga mgahawa, akawa anampandishia uji na kuuacha mlangoni. Binti wa kaka yake akapiga simu, akaambiwa, "Kamafua tu, mwanangu, usihangaike." Na kweli homa ikapita, nguvu zikarudi, Shangazi akashuka jikoni akiwa amekonda kidogo lakini ana hamu ya kazi.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kujipikia chai. Akaionja, akaona majani yamechuja. Akayamwaga, akafungua pakiti nyingine. Ikawa vilevile, maji ya moto tu. Akasimama kidogo. Akachukua kitunguu, akakikata. Machozi yakamtoka kama kawaida, ila harufu haikuja. Akakata ndimu akaiuma na maganda yake, uso haukukunjamana. Akalamba chumvi kiganjani, akahisi punje zikiyeyuka kama mchanga unaoyeyuka, na si zaidi ya hapo.

Alikwenda kwa daktari bila kumwambia mtu. Daktari akammulika puani na kooni, akasema mafua ya namna hiyo wakati mwingine huondoka na pua ya mtu na ulimi wake. Vinaweza kurudi. Vinaweza kuchelewa sana kurudi. Vinaweza pia visirudi.

"Unafanya kazi gani, mama?" daktari akauliza.

"Nauza vitambaa," Shangazi akajibu.

"Afadhali," daktari akasema, akaendelea kuandika.

Njiani alikuwa akijiuliza kwa nini amemdanganya mtu asiyemjua. Jibu alilijua. Angelisema kwa mdomo wake lingekuwa kweli.

Mwanzoni mikono ilimbeba. Miaka yote ile vidole vilikuwa vimejifunza kiasi cha kila kitu, akawa anapika kama mtu anayetembea nyumbani kwake gizani. Lakini mikono nayo ilikuwa imezoea kuitikiwa. Anatia chumvi, ulimi unasema tosha. Sasa ulimi uko kimya. Akawa anasimama mbele ya sufuria anajiuliza: nimeshatia, au nilitaka kutia? Akiogopa supu isiwe chapwa, anatia tena. Siku moja alikoroga unga wa keki na maziwa yaliyoharibika, akaioka, ikaumuka vizuri ajabu, ikapendeza kwa macho kama keki ya harusi.

Wateja hawakusema neno. Hilo ndilo lililokuwa baya. Walimpenda. Wangemwambia nini? Sahani zikaanza kurudi jikoni na chakula nusu. "Leo sina njaa sana, Shangazi." "Nimeshiba, Shangazi, mkono wako mzito wa kupakua." Waliomsifu walitia chumvi, na yeye kwenye sufuria ametia mara mbili. Kisha wakaanza kupungua, polepole, kwa adabu, kama watu wanaotoka kwenye chumba cha mgonjwa kwa kunyata. Shangazi aliona. Akawa anasimama kwenye mlango wa jikoni akitazama nyuso zao wanapotia kijiko cha kwanza mdomoni, akisubiri mmoja wao akunje uso, aseme "Mama, hii nini?" amwokoe. Wote walimtabasamia.

Mrefu ndiye aliyekuwa anakula chakula kile kila mchana, kwa kuwa hakuweza kukataa. Alipiga moyo konde mara nyingi amwambie, na kila mara akiufungua mdomo kinachotoka ni "Asante, Shangazi, kitamu." Mwishowe, alasiri moja baada ya kufunga, alikwenda kwenye karakana ya Fundi.

Fundi alikuwa mkata vioo. Madirisha yale makubwa ya mgahawa aliyaweka yeye, enzi zile alipokuwa mume wa Shangazi. Waliachana bila ugomvi. Hawakujaliwa mtoto, na mgahawa ulipoanza, Shangazi akawa anaamka Fundi akiwa bado usingizini na kulala kabla Fundi hajarudi. Wakawa wanapishana mlangoni kama wapangaji. Siku moja Fundi alisema, "Naona kama naishi peke yangu," naye akajibu, "Na mimi pia," wakatazamana, ikawa ndiyo imekwisha. Fundi akaoa tena, akapata watoto. Tangu hapo hakuwahi kukanyaga mgahawani. Wakikutana barabarani husalimiana vizuri tu, kila mtu akaenda zake.

"Kwa nini unaniambia mimi?" Fundi alimuuliza Mrefu.

"Kwa sababu wewe huogopi kumuudhi," Mrefu akasema. "Si mmeshaachana?"

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, Fundi akaingia. Shangazi alimwona kupitia mlango wa jikoni, na mwiko ukamponyoka ukazama kwenye sufuria. Fundi alikaa meza ya dirishani, akagonga kioo kwa kucha kama anayemjulia hali, akaagiza supu. Shangazi aliipeleka mwenyewe.

"Karibu," akasema. "Umepotea."

"Nimekaribia, Shangazi."

"Hata wewe unaniita Shangazi?"

"Mji mzima unakuita hivyo. Nikikuita vinginevyo watageuka."

Akatia kijiko mdomoni. Hakutabasamu. Alimeza kwa shida, akakiweka kijiko chini, akanywa maji glasi nzima.

"Onja hii," akasema.

"Nimeshaonja jikoni."

"Onja mbele yangu."

Shangazi akachota, akanywa, macho yake hayakupepesa hata kidogo. "Iko sawa. Kwani ina nini?"

Fundi alimtazama. Alikuwa ameishi na mwanamke aliyeweza kusema wali umepikwa kwa maji ya kisima kipi. "Watu huniambia nimekula chumvi nyingi," akasema taratibu, "lakini leo ndiyo nimeila kweli. Hii ni bahari, mama. Umechota bahari ukatia samaki."

Meza ya jirani wakainamia sahani zao. Shangazi alihisi uso unamwaka. Alitaka kumwambia atoke, ametokea wapi baada ya miaka yote hiyo kuja kumwaibisha mbele ya watu. Badala yake alichukua bakuli, akageuka, akaingia jikoni, akasimama mbele ya sinki. Fundi akamfuata. Mrefu akapata kazi ya ghafla ya kufuta meza iliyo mbali kabisa.

"Sionji," Shangazi alisema akiwa amempa mgongo. "Sinusi wala sionji. Tangu mafua. Naweza kula sabuni nisijue."

Fundi hakusema pole. Alijua akisema pole Shangazi atalia. Alichukua sufuria ya supu kwa vishikio vyake viwili, akaimwaga yote kwenye sinki, akafungulia maji. "Kesho asubuhi," akasema, "nitapita kabla sijafungua karakana. Usifungue mlango wa mbele mpaka nionje."

Akaja, kwa mlango wa nyuma. Akaja na siku iliyofuata. Ikawa desturi: Shangazi anakanda mkate, anainjika supu, kunapambazuka, mlango unasukumwa bila hodi, Fundi anachukua kijiko kwenye ndoana na kuchota. Hakuwa mtu wa maneno ya jikoni, hivyo alitumia ya kwake. "Imekaa nyembamba," alisema, na Shangazi akajua inataka kuchemka zaidi. "Ina ukungu," maana yake unga haujaiva. "Imepasuka katikati" ilimsumbua siku nzima, mpaka alipoelewa kwamba ni ndimu imezidi. Akawa anamtazama usoni anapomeza, na uso ule aliujua kuliko kipimo chochote. Nyusi zikipanda, kuna pilipili. Kidevu kikitulia, weka sahani mezani.

Wateja wakarudi. Hakuna aliyesema kwamba alikuwa ameondoka. Walisema walikuwa na safari, walikuwa na wageni, walikuwa wakifunga mkanda kidogo. Foleni ikarefuka tena hadi kwenye mchanga.

Shangazi alikuwa na siri nyingine sasa, na hii hakuwa na daktari wa kumdanganya. Kwanza supu ndiyo ilihitaji kuonjwa. Kisha jemu. Kisha akaona ni vizuri keki nayo ionjwe, na mchuzi wa nyanya, na mkate, ambao kwa kweli haukuwahi kuharibika. Fundi alionja kila alichopewa. Walikuwa wakizungumza mambo madogo: upepo unavyokula gundi ya madirisha, jino la mtoto wake wa kwanza lililong'oka. Chai hakunywa. Alisema ananywea nyumbani. Shangazi alifunga kitambaa kizuri kichwani asubuhi moja, akakivua, akakifunga tena. Jioni akiwa amelala juu, akisikiliza maji yakipiga ukuta, hakuwaza tena kuhusu ulimi wake. Aliwaza kesho atampa nini aonje.

Hata asubuhi moja mlango wa nyuma haukusukumwa. Ulibishwa hodi.

Alikuwa mwanamke mwenye umbo dogo, amejifunga mtandio, amesimama wima kama aliyejiandaa njia nzima.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Shangazi akajibu, na alishajua.

"Mimi ni mke wa Fundi."

"Nakufahamu. Nimewahi kukuona sokoni na watoto. Ingia, mdogo wangu. Fundi anaumwa?"

"Mzima kabisa. Nimemwacha anawavalisha watoto viatu. Nimemwambia leo naja mimi." Akaingia, akaangaza macho jikoni, sufuria, ndoana ya vijiko, kiti kimoja kilichowekwa karibu na jiko. "Sijaja kugombana. Ningekuja kugombana ningepita mlango wa mbele, watu wanione. Nimekuja kuonja."

"Wewe?"

"Mume wangu hawezi kutofautisha bizari na vumbi. Namlisha mimi, namjua."

Shangazi akacheka kabla hajajizuia. "Hata mimi nilimjua," akasema, na kicheko kikakatika hapo hapo, wote wawili wakatazama sufuria.

Mke wa Fundi akachukua kijiko. Hakumeza haraka, aliizungusha supu mdomoni, akafumba macho. "Kitunguu saumu kimeungua kidogo kabla hujatia maji," akasema. "Chumvi iko sawa. Nyanya zilikuwa bado mbichi, tia sukari, kidogo tu, ncha ya kijiko. Na samaki umemtia mapema, ametoa jasho lote." Akachota tena. "Lakini una mkono, dada. Haki ya Mungu una mkono."

Shangazi akatia sukari. Kwa kijiko kimoja mwanamke yule alikuwa amemwambia zaidi ya yote aliyoyasikia katika asubuhi zote zilizopita. Hakukuwa na cha kutafsiri, wala uso wa kusoma.

"Mtakuwa mnapokezana?" akauliza, akikoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Hapana. Nitakuja mimi."

Mke wa Fundi alikitua kijiko. Alipoanza tena kusema sauti yake ilikuwa imeshuka, haikuwa na ukali, ilikuwa ya mtu anayeeleza kitu ambacho yeye mwenyewe hajakielewa vizuri.

"Alikuwa ananyoa ndevu kila asubuhi. Fundi, ambaye mimi humkumbusha kunyoa siku ya harusi za watu. Nikasema haya, anakwenda mahali penye chakula, ni usafi. Kisha akaanza kujipaka manukato."

"Manukato?" Shangazi akauliza.

"Hukujua?"

"Ningejuaje?"

"Ndivyo nilivyomwambia. Nikamwambia, baba, mwanamke mwenyewe hanusi. Akaniambia, najua." Akafunga vizuri mtandio wake. "Angesema hakujua ningemwacha aendelee."

Shangazi aliacha kukoroga. Alihisi furaha inampanda kifuani, na akaona aibu kwa furaha ile, maana mwenye mume amesimama mbele yake, kando ya kijiko alichokitumia mumewe. Kila asubuhi mtu alikuwa ameingia hapa na kitu alicholetewa yeye, kikajaa jikoni mote, hadi huenda Mrefu alikinusa na asiseme, na yeye alikuwa amesimama katikati yake akikoroga supu.

"Hakuna kilichotokea hapa, mdogo wangu," akasema mwishowe.

"Najua. Kingekuwa kimetokea kitu asingehitaji manukato." Akauendea mlango. "Kesho nitawahi kidogo. Mkate huo usimwonjeshe mtu, hauna tatizo lolote."

Akaja kesho yake na kesho kutwa, na supu ya Shangazi ikawa nzuri kuliko ilivyopata kuwa. Watu walisema hivyo wenyewe, wakiwa wanafuta bakuli kwa mkate. Wanawake wale wawili wakazoeana kwa namna yao. Waliongea juu ya samaki na bei ya kuni na watoto. Fundi hawakumtaja. Alikuwa kama kiti kimoja cha ziada jikoni, ambacho wote walikizunguka bila kukigonga.

Pua haikurudi. Binti wa kaka yake, aliposimuliwa hatimaye, alilia kwenye simu, akasema, "Funga, Shangazi, uje ukae na sisi." Shangazi akamwambia atafikiria. Akakata simu, akashuka kuloweka maharage.

Siku moja ya mapumziko, jua likiwa zuri na bahari imetulia, waliingia wote kwa mlango wa mbele: Fundi, mkewe, na watoto wawili waliovaa viatu vilivyofungwa vibaya. Mrefu aliwaona, akamtazama Shangazi, akataka kuwahudumia yeye.

"Acha," Shangazi akasema. "Nitapeleka mimi."

Walikaa meza ya dirishani. Alipeleka mkate kwanza, kisha supu, bakuli moja moja, akianza na watoto. "Sema asante kwa Shangazi," mama yao akawaambia, nao wakasema kwa pamoja. La mwisho lilikuwa la Fundi. Shangazi aliinama begani kwake kuliweka mezani. Shavu lilikuwa limenyolewa, alama ndogo ya wembe ikiwa chini ya sikio. Akavuta pumzi taratibu, kwa kina, hadi mbavu zikamuuma. Akaishikilia kadiri alivyoweza.

Hakikuja kitu. Hewa tu, vuguvugu.

"Asante, Shangazi," Fundi akasema bila kugeuka.

"Karibuni," akajibu. Mke wa Fundi alikuwa akimtazama. Hakuwa amekasirika. Alisogeza kidogo kibakuli cha chumvi kutoka mbele ya mtoto, akainamisha macho, akaanza kula.

Shangazi akarudi jikoni, akajipakulia bakuli lake kutoka sufuria ile ile, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na jiko. Kupitia mlangoni aliwasikia watoto wakigombea kipande cha mkate na sauti ya Fundi ikiwatuliza. Akala. Ilikuwa ya moto, samaki alikuwa laini, viazi vilikuwa vimeshikana vizuri. Alikula yote, kwa kuwa alikuwa na njaa, na kwa kuwa wote walisema ni tamu. Kisha Mrefu akaingiza kichwa mlangoni akiwa ameinama, akasema kuna wageni wapya nje, wanauliza kama supu bado ipo.

"Ipo," akasema, akainuka. "Waambie wakae."